Anzeni na Ndoo, Rangi Itafuata

(Haya ni maelezo ya kamati ya afya ya parokia inayoendesha kituo cha afya, yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa kamati za parokia na wafadhili. Tunayachapisha kwa ajili ya parokia nyingine zenye vitanda, madawati, mageti na vifaa vingine vya chuma vilivyopakwa rangi.)



Tumeombwa tueleze jinsi tulivyovirudisha vitanda vya kituo chetu cha afya katika hali nzuri baada ya rangi yake kuharibiwa na dawa za usafi. Tutaieleza kazi hiyo hatua kwa hatua, ili atakayependa aende kuifanya nyumbani kwake. Lakini kabla ya kufika huko tuna jambo la kuungama mbele yenu. Walioviharibu vitanda hivyo ni sisi wenyewe.

Vitanda vilivyoharibika

Mwaka 2011 tulipokea vitanda 16 vya chuma kutoka kwa marafiki wa parokia, pamoja na makabati madogo ya kuweka pembeni mwa vitanda. Vilikuwa vyeupe, vimepakwa rangi nzuri ya kiwandani. Kwa miaka tisa vilisafishwa kwa maji na sabuni, na havikuwa na tatizo lolote la maana.

Mwezi Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Nyote mnakumbuka hofu ya siku zile. Kamati yetu ilikutana jioni ile ile na kuamua kwamba kila kitu kisafishwe kwa klorini mara tatu kwa siku. Ukutani tulikuwa na karatasi ya maelekezo ya kuchanganya jiki: sehemu moja ya jiki kwa sehemu sita za maji. Tukaagiza mchanganyiko huo utumike kila mahali: sakafuni, milangoni, vitandani na kwenye makabati.

Kosa letu lilianzia hapo. Mchanganyiko ule una nguvu ya klorini ya asilimia 0.5, na umewekwa kwa ajili ya mahali palipomwagika damu au uchafu wa mwili. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kwa sehemu za kawaida za kugusa inatosha asilimia 0.1, yaani nguvu moja ya tano ya ile tuliyokuwa tukitumia, na kwamba uchafu uondolewe kwanza kwa sabuni na maji. Sisi hatukurudi kuiangalia karatasi yetu. Hofu ilipopungua hatukuibadilisha pia. Mwezi Mei 2023, shirika hilo lilipotangaza kuwa hali ya dharura ya korona imekwisha, ndoo yetu ilikuwa bado na ukali ule ule wa mwaka 2020.

Kidogo kidogo vitanda vikaanza kubadilika. Kwanza rangi ilipauka, na ukipitisha kidole kilitoka na unga mweupe kama chokaa. Halafu malengelenge yakatokea kwenye miguu na kwenye maungio. Yalipopasuka, kutu ikaonekana. Ili kuondoa madoa ya kutu, tukanunua waya wa kusugulia masufuria na dawa ya choo yenye asidi. Madoa yaliondoka kwa siku mbili, kisha yakarudi yakiwa makubwa zaidi.

Siku moja mama aliyekuja kujifungua alifunga kanga yake kwenye ubavu wa kitanda, akaizungusha vizuri kama anayefunga bandeji. Muuguzi alipomuuliza sababu, alisema hataki mtoto wake aguse kutu. Muuguzi alituletea habari hiyo kwenye kikao. Tuliona aibu sana.

Barua ambayo haikutumwa

Katika kikao hicho tuliamua mambo mawili. La kwanza, tuwaandikie wafadhili kuomba vitanda vipya 16. La pili, tumpe onyo kali mama anayefanya usafi. Katika muhtasari tuliandika maneno haya: “uzembe wa mtumishi wa usafi”.

Barua ilipokuwa tayari kutiwa sahihi, katibu wetu aliuliza swali moja: “Wafadhili wakituuliza vile vya kwanza vilipatwa na nini, tutawajibu nini?” Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukakubaliana kwamba barua isubiri mpaka tujue.

Tulikwenda kumwona yule mama. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuonyesha mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka na kupasuka. Akatukumbusha kwamba alikwisha kusema mara mbili, mwaka 2020 na mwaka 2021, kuwa maji yale yanamchoma. Tulimjibu avae glavu. Glavu zilipokwisha, tulimwambia avumilie.

Ndugu zangu, kitu kinachobabua mikono ya mtu kitaiachaje rangi ya kitanda? Mama huyu alikuwa ametupa taarifa kamili miaka mitatu kabla ya kikao chetu. Tulimwambia: “Mama, tumekosea. Tunaomba utusamehe.” Naye akajibu: “Wazee wangu, nimesikia. Basi anzeni na ndoo, rangi itafuata.”

Neno hilo ndilo lililoongoza kazi yote. Tulifuta yale maneno ya uzembe kwenye muhtasari, tukaandika kwamba kosa ni la kamati. Barua ya kuomba vitanda 16 hatukuituma.

Rangi huharibiwaje?

Rangi juu ya chuma ni kama ngozi. Kazi yake ni kuzuia maji na hewa visikifikie chuma, kwa kuwa vitu hivyo viwili vikikutana na chuma huzaa kutu. Klorini kali hushambulia rangi yenyewe na kuifanya ipauke. Zaidi ya hayo, maji ya jiki yanapokauka huacha chumvi. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu huo huingia kwenye kila mkwaruzo mdogo. Wenzetu wa parokia za pwani wanaifahamu vizuri kazi ya chumvi kwenye chuma.

Magadi makali ya kusafishia nayo hula rangi za mafuta na kuzilainisha. Asidi ya dawa ya choo hukila chuma chenyewe mahali kilipobaki wazi. Waya wa masufuria huchora mistari myembamba, na kila mstari ni mlango wa kutu. Tena kuna hatari kubwa kuliko zote: jiki ikichanganywa na dawa yenye asidi hutoa hewa ya sumu, na ikichanganywa na amonia vivyo hivyo. Sisi tulikuwa na chupa hizo mbili kwenye kabati moja. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia.

Kwa kituo cha afya madhara hayaishii kwenye sura. Sehemu laini husafishika. Sehemu yenye kutu na magamba ina vishimo ambamo uchafu na vijidudu hujificha, hata ukimwaga dawa kiasi gani. Kwa hiyo tulikuwa tunatumia dawa nyingi zaidi ili kupata usafi mdogo zaidi.

Hatua ya kwanza: ndoo

Kabla ya kununua rangi tulibadilisha usafi wenyewe. Utaratibu wetu sasa ni huu:

1. Kitanda kinasafishwa kwanza kwa maji na sabuni ya kawaida, kwa kitambaa laini.

2. Panapohitajika dawa, tunatumia klorini ya asilimia 0.1. Jiki yetu ina nguvu ya asilimia 3.5, kwa hiyo ni sehemu moja ya jiki kwa sehemu 34 za maji. Kwenye ndoo ya lita 10 ni kama mililita 285 tu, wakati zamani tulikuwa tunaweka karibu lita moja na nusu. Someni chupa zenu kwanza, kwa sababu nguvu zinatofautiana.

3. Mchanganyiko mkali wa asilimia 0.5 unatumika palipomwagika damu tu.

4. Dawa inaachwa ifanye kazi kwa muda unaotakiwa, angalau dakika moja. Baada ya hapo kitanda kinafutwa kwa maji safi na kukaushwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo tuliyokuwa hatuifanyi kabisa.

5. Mchanganyiko unatengenezwa mpya kila siku, kwa kikombe cha kupimia. Kukadiria kwa macho ni marufuku.

6. Dawa ya choo inakaa chooni. Waya wa masufuria unakaa jikoni.

Glavu nazo zimewekwa kwenye bajeti ya kila mwezi, na mama wa usafi ndiye anayetia sahihi kwamba zimefika.

Hatua ya pili: kuvitenga vitanda

Tulimwita fundi rangi wa hapa kijijini. Yeye alivikagua vitanda kimoja kimoja, akavigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilikuwa vitanda vitano vilivyopauka tu, bila kutu. Hivi havikuhitaji rangi mpya. Vilioshwa vizuri, vikakaushwa, kisha vikasuguliwa polepole kwa kitambaa laini na dawa ya kung'arishia rangi za magari. Ule unga mweupe ukaondoka, na rangi nzuri iliyokuwa chini yake ikaonekana. Mwishoni vilioshwa tena kwa sabuni ili mabaki ya dawa yasibaki. Kazi hii hufaa pale tu ambapo rangi bado ni nene. Ukiona chuma kinaanza kuonekana, acha mara moja.

Fungu la pili lilikuwa vitanda tisa vyenye malengelenge na kutu ya juu juu. Hivi ndivyo vilivyopakwa rangi upya.

Fungu la tatu lilikuwa vitanda viwili. Fundi alisukuma miguu yake kwa bisibisi, na bisibisi ikazama. Kutu ilikuwa imekula bomba kutoka ndani. Alituambia wazi kwamba rangi haishiki mzigo wa mtu. Vitanda hivyo vilitolewa wodini siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: kupaka rangi upya

Kuosha. Kitanda kinaoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji mengi mara kadhaa, hasa kwenye maungio, ili chumvi ya klorini itoke. Ukipaka rangi juu ya chumvi, kutu itaendelea chini kwa chini na malengelenge yatarudi.

Kuondoa kutu na rangi iliyolegea. Tulitumia msasa wa maji, kwanza namba 120 kwenye kutu mpaka chuma king'ae, halafu namba 240 kwenye kingo za rangi ya zamani, mpaka ukipitisha kidole usisikie ngazi kati ya rangi na chuma. Rangi iliyobaki imara haikuondolewa. Ilisuguliwa kidogo tu ipoteze mng'ao, ili rangi mpya ipate pa kushika.

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto wadogo na kwa mama wajawazito. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo tulisugua kwa maji ili vumbi lisiruke, nje ya jengo, mbali na wodi na mbali na watoto. Mafundi walivaa barakoa na glavu, wakaoga na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani. Tope lililobaki lilikusanywa, halikumwagwa bustanini. Tunaponunua rangi mpya tunauliza kama haina risasi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni.

Kukausha. Chuma kilicho wazi hushika kutu upesi sana kikiwa na maji. Kitanda kilifutwa kwa kitambaa kikavu, kikawekwa juani, na rangi ya kwanza ikapakwa siku hiyo hiyo.

Rangi ya kwanza. Hii ni ile nyekundu ya kuzuia kutu. Inapakwa kwenye kila sehemu iliyo wazi, pamoja na chini ya fremu ambako hakuna anayetazama. Wengi huiruka hatua hii ili kuokoa fedha. Matokeo yake ni kwamba rangi ya juu hubanduka mapema, na fedha yote hupotea.

Rangi ya juu. Tulipaka rangi ya mafuta mara mbili, nyembamba nyembamba, tukasubiri siku nzima kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Katikati tulisugua kidogo kwa msasa namba 400 na kufuta vumbi. Rangi nene ya mara moja huchuruzika, na ndani yake hubaki mbichi.

Kusubiri. Rangi ikikauka kwa kugusa haijakomaa bado. Tuliviacha vitanda siku saba mahali penye hewa kabla ya kuweka magodoro, na kwa mwezi wa kwanza vilifutwa kwa sabuni na maji tu.

Tulipokosea tena

Tusiwafiche jambo. Kitanda cha kwanza tulikipaka mwezi Aprili 2024, katikati ya masika, kwa sababu tulikuwa na haraka ya kuonyesha matokeo. Fundi alitushauri tusubiri kiangazi. Hatukusubiri. Unyevu ulinaswa chini ya rangi, na kabla ya mwezi kwisha malengelenge yalikuwa yamerudi. Ilibidi kukisugua chote na kuanza upya. Vitanda vinane vilivyobaki vilipakwa mwezi Julai, wakati wa jua, pamoja na hicho cha kwanza. Hiyo ni mara ya pili kwa kamati yetu kutomsikiliza mtu anayeijua kazi yake. Tunaomba isiwepo ya tatu.

Hesabu kwa wafadhili wetu

Gharama ya kazi yote, yaani rangi, misasa, thina, barakoa, dawa ya kung'arishia na ujira wa fundi, haikufika bei ya vitanda viwili vipya. Vitanda 14 vimerudi wodini. Barua tuliyoituma baadaye iliomba vitanda viwili badala ya 16, na ilieleza wazi ni kwa nini vile viwili viliharibika. Wapo kati yetu walioogopa kwamba tukisema ukweli huo tutanyimwa. Hatukunyimwa. Vitanda viwili vilikuja, na pamoja navyo swali moja tu: je, ndoo imebadilishwa? Tuliwapelekea nakala ya utaratibu mpya.

Kila baada ya miezi mitatu tunakagua vitanda vyote na kuandika kwenye daftari. Mkwaruzo ukionekana unasuguliwa na kupakwa rangi siku hiyo hiyo, kwa kopo dogo tulilolitenga kwa kazi hiyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikaribia kuwaomba ninyi mtujengee ukuta, kumbe ufa tulikuwa tunautoboa wenyewe kila asubuhi kwa ndoo.

Neno la mwisho

Ndugu wajumbe, hayo tuliyoyasema kuhusu vitanda yanahusu pia madawati ya shule zetu, mageti ya makanisa na nondo za madirisha. Mkiona rangi inabanduka, msikimbilie dukani wala msikimbilie kuandika barua. Muulizeni kwanza anayeshika kitambaa kila siku: anatumia nini, anapima vipi, na mikono yake ikoje. Rangi mpya juu ya usafi ule ule wa zamani haitafika mwaka wa pili.

Na kwenu wafadhili, tunaomba mtuulize maswali magumu. Swali la katibu wetu liliokoa vitanda 14.

Mama wetu wa usafi anaendelea na kazi, na ndiye sasa anayewafundisha watumishi wapya kupima dawa. Mikono yake imepona.